Maneno Chini ya Ukuta

Jumatatu, 4 Novemba

Sijamwambia mtu yeyote: yaya Ghislain, kaka yangu, hakufa papo hapo.

Mtaa wetu mzima wa Kikula unasema alikufa papo hapo, kwa sababu mimi ndiye niliyesema hivyo, nikiwa bado na udongo mdomoni na mama amenishika mabega. "Aliteseka? Sefo, sema, aliteseka?" Nikasema hapana. Nikasema ukuta ulimwangukia, basi. Mama akamshukuru Mungu akiwa amepiga magoti kwenye matope. Baada ya kuona uso wake vile, ningelirudishaje lile neno?

Alikuwa hai. Alizungumza na mimi. Sasa nimeandika.

Daftari hili nimepewa na ma sœur Clémentine, mtawa wa shuleni kwetu. Yeye ndiye anayewasikiliza wanafunzi wenye matatizo, katika kile chumba kidogo nyuma ya kanisa la shule. Aliniambia niandike kwa lugha ile inayouma. Kifaransa changu ni cha shuleni, kimevaa sare na kimechana nywele. Hii inauma kwa Kiswahili.

Jumanne, 5 Novemba

Ma sœur anasema nianze na vitu vya kawaida. Basi. Naitwa Sephora, niko darasa la tano la sekondari, sipendi kusema mbele ya watu. Papa yangu Constantin ni fundi wa kujenga. Mama Alphonsine anauza unga sokoni. Kaka yangu alikuwa mmoja tu. Ukuta wa kuzunguka parseli yetu, kiwanja chetu, papa aliujenga mwenyewe, kwa matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa juani, kama kuta nyingi za huku. Upande wa barabara yaya aliegemeza mabati juu yake, akatundika kioo, akaweka kiti: ikawa salon yake ya kunyoa. Oktoba ikaja mvua kubwa ya kwanza.

Inatosha kwa leo.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Sikuweza.

Alhamisi, 14 Novemba

Mteja wa papa amekuja, yule mwenye nyumba isiyokwisha karibu na soko. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Fundi, tutangoja kwanza mvula iishe."

"Sawa, muzee," papa akajibu.

"Si kitu kingine, fundi. Ni mvula tu."

"Nimesikia."

Si mvua. Mama Hortense, jirani yetu, anasema kwa sauti ambayo anadhani ni ya chini: "Ukuta ya fundi ilikula mutoto yake, na weye utamupatia nyumba yako ajenge?" Bado anamwita mama yangu "Mama Ghislain", kama zamani. Mama anaitika. Kila siku anaitika.

Papa hajalia. Hata mazishini, wanasema. Mimi nilikuwa hospitali na bega langu, sikuona. Kutwa nzima anakaa na yale matofali yaliyoanguka. Ameyapanga vizuri kama bidhaa za duka. Anachukua moja, analigeuza, analivunja, ananusa udongo, anachukua lingine. Nikimwona hivyo namchukia. Nafikiri: huyu analilia matofali.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimelala tena mlangoni, kichwa nje ya kizingiti. Mama alinifunika kwa kitenge bila kuuliza kitu.

Jumanne, 3 Desemba

Leo katika somo la Kifaransa, mwalimu wetu, maître Stéphane, alizunguka na verbe zake, kila mmoja akipewa kitenzi chake akibadilishe kwa kila nafsi. Nilikuwa nahesabu madawati ili nijue ni ipi itanifikia. Ikanifikia *coudre*, kushona. Kati ya verbe zote za Kifaransa.

"Sephora. Au présent."

Nilisimama. Mdomo ukafunguka, ikaingia hewa tu. Nikasikia harufu ya udongo uliolowa, pale darasani, katikati ya jua. Mtu akacheka nyuma. Cathy, tunayekaa naye dawati moja, akasema, "Maître, iko mugonjwa," na maître akasema ugonjwa wa kutosoma anaujua. Nikatoka mbio.

Nilikaa kwenye choo hadi kengele ikalia. Cathy akaja kunigongea.

"Sefo, fungua. Nilikubebea kikoba yako."

Sikufungua.

"Hauna hata bifaa ya kujinyongea umo ndani, toka," akasema. Ndivyo anavyofanya mzaha Cathy. Nilicheka kidogo, na kucheka kukanitisha kuliko kulia.

Jumatano, 4 Desemba

Nitaandika yote leo. Mama yuko sokoni, papa yuko na matofali yake, mawingu yako upande wa Kamatanda, bado hayajafika.

Ilikuwa mchana. Yaya hakuwa na mteja, mvua ilikuwa imewafukuza wote. Mama alinituma nimpelekee bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Nilikimbia nimefunika sahani kwa kiganja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo, anajichonga ndevu ambazo hana. Akasema, "Mademoiselle, uko na rendez-vous ya kunyolewa?" Nikaweka sahani. Ndipo ukuta ukashuka. Haukupiga kelele kama nilivyodhani ukuta unapiga. Ulikaa chini, kama mama mzito anayechoka.

Mabati yalikunjika juu yangu kama hema. Bega lilikuwa limebanwa, lakini nilikuwa napumua. Giza tupu. Halafu nikasikia sauti yake karibu sana, chini kidogo ya sikio langu.

"Sefo. Balikata courant?"

Alikuwa anafanya mzaha. Au la, sijui, labda kweli alifikiri umeme umekatika. Nikapiga kelele. Niliita papa, mama, Mama Hortense, watakatifu wote. Lakini kila mtu Kikula alikuwa ndani ya nyumba yake, na mvua ikipiga mabati ya nyumba zote kwa wakati mmoja, mtu hasikii hata redio yake mwenyewe. Niliita hadi koo likakauka. Papa alikuwa ndani, hatua chache kutoka pale, amelala usingizi wa mchana.

Yaya akasema, "Acha. Utamaliza hewa." Halafu: "Iko naniuma, Sefo. Usimwambie mama kama iliniuma."

Nikasema sitamwambia.

Halafu akacheka, kicheko cha kukosa pumzi. "Papa atanipiga. Nilikula ukuta yake." Sikuelewa. Akaeleza. Nyuma ya kioo alikuwa ametoboa ukuta ili apate mahali pa kuweka mashine na mafuta. Kwanza tofali moja, halafu jingine pembeni, kila mwezi anapanua kidogo, na kioo kinafunika. Papa hakujua. "Papa alijenga muzuri. Minye njo nilitoboa."

Nikamwambia anyamaze apumzike. Akasema hapana, wewe ndiye useme. "Weye hauongeake. Leo ongea. Nisikie kama kuko muntu."

Na mimi ninaona haya hata kuagiza mkate dukani. Mtu anamwambia nini kaka yake pale? Kulikuwa na kitu kimoja tu kichwani mwangu, kile nilichokuwa nakariri kwa ajili ya interrogation, mtihani mdogo wa kesho yake. Nikaanza: *je couds, tu couds, il coud*.

"Ata apa uko nanifundisha Kifaransa?" akasema.

*Nous cousons.* Akarudia nyuma yangu, vibaya, kwa makusudi, kama kawaida yake. *Vous cousez.* Akarudia. Tulirudia tena na tena. Kuna mahali nilisema *ils cousent* na hakurudia. Nikaanza upya kutoka mwanzo. Niliendelea hadi nikaona mwanga na mikono ya watu.

Ndiyo hiyo. Mvua imefika sasa.

Alhamisi, 5 Desemba

Sijafa kwa kuandika. Nilidhani nitakufa.

Jumapili, 15 Desemba

Kuna fundo moja na siwezi kulifungua. Nikimwambia papa kwamba si matofali yake, kwamba yaya ndiye aliyetoboa, atauliza: umejuaje? Na jibu ni moja tu: aliniambia mwenyewe, chini ya ukuta, akiwa hai. Siku hiyo hiyo mama atajua. Na nilimwahidi mtu aliyekuwa anakufa.

Basi nanyamaza, na papa anavunja matofali.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Mama alipika kuku. Sahani nne mezani, halafu akaondoa moja.

Jumatano, 8 Januari

Ma sœur Clémentine amenifundisha jambo. Harufu ya udongo ikinijia, nishike kitu na nitaje jina lake kwa sauti. Dawati. Sketi. Ukucha. Nilimwambia ni mchezo wa watoto wa chekechea. Akasema, "Ndiyo, na wewe fanya." Leo nimefanya, imesaidia nusu. Nusu nyingine ilibaki imekaa pale, inanitazama.

Jumapili, 19 Januari

Mvua imetukuta baada ya misa. Wote wakakimbilia ndani. Mimi siwezi kukaa chini ya mabati yanapopigwa, kwa hiyo nilisimama katikati ya ua, mbali na kila ukuta, nikalowa. Najua Mama Hortense alikuwa anachungulia. Kesho watasema binti wa fundi ameingiwa na pepo.

Mama alitoka. Nilidhani ataniburuta ndani. Aliacha viatu kizingitini, akaja akasimama kando yangu na kitenge chake cha misa. Tulisimama hivyo, maji yakitutoka puani. Mimi nilikuwa nikimwona mama yangu kama mtu dhaifu, mtu anayeitika tu. Mtu dhaifu hasimami vile.

Akasema, "Minye, kitu kimoja njo kinanisimamisha. Kujua hakuteseka. Bila ile, singeamuka asubui."

Nilitaja kimoyomoyo: kitenge. Maji. Mama.

Jumatatu, 20 Januari

Papa amefungua mdomo mezani, tukatamani angeufunga.

"Rémy iko naenda Kakanda. Banatafuta bantu ya kuchimba. Tutaenda naye kisha retrait de deuil."

Rémy ni rafiki yake wa zamani, na Kakanda ni kwenye machimbo ya madini. Retrait de deuil ndiyo siku ya kumaliza matanga, watu wanavua nguo za kilio. Yetu imewekwa mwezi wa pili, kumngoja baba mkubwa Georges atoke Kolwezi.

Mama aliweka kijiko chini. "Kuchimba nini? Weye ni maçon."

"Nilikuwa."

"Utaingia mu shimo, papa Ghislain? Bile bishimo binaanguka kila siku ya mvula. Udongo bado haikukutosha?"

Papa alinawa mikono, polepole, kidole kwa kidole. "Pale njo pananifaa," akasema.

Nimemtazama usiku kucha katika mawazo. Miezi yote hii nilidhani hasikii kitu. Sasa nadhani anakwenda kuutafuta udongo ule ule, ili naye ukae juu yake. Na mimi ninalo neno la kumzuia, na neno lenyewe limefungwa na mama yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Papa ameuza mwiko wake na kamba ya kupimia. Fundi kuuza mwiko.

Jumamosi, 15 Februari

Wageni wanaanza kuingia. Baba mkubwa Georges amekuja na Chadrack, mtoto wa binti yake wa kwanza. Ana ndevu na mke, lakini kwa hesabu ya ukoo ni mjukuu wa papa, na kwetu wajukuu ndio wenye ruhusa ya kucheza na kilio. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake, wanawatania wafiwa, wanadai soda kabla hawajaacha jeneza lipite. Mfiwa hana haki ya kukasirika. Akikasirika, amevunja undugu. Cathy anasema mazishini Chadrack aliwachekesha watu hadi padri akageuka ukutani.

"Yaya yako alikuwa natembea kama bata," Chadrack aliniambia akinisalimu. "Nitamufanya muzuri, utaona."

Nilisema ndiyo. Mimi husema ndiyo.

Jumamosi, 22 Februari, jioni

Imekwisha. Naandika haraka, nyumba bado imejaa vyombo na viti vya kukodi.

Baada ya misa watu walijaa uani. Wakala, wakanywa, baba mkubwa akasema maneno yake. Halafu Chadrack akatoka nyuma ya nyumba amevaa blouse nyeupe ya yaya, ile ya kunyolea, chanuo nyuma ya sikio. Nilishika ukingo wa kiti. Kiti. Plastiki. Alitembea kama bata kweli. Alikuwa yeye kabisa. Akamkalisha Mama Hortense kwenye kiti, akamzunguka kichwa akikuna kidevu.

"Mama, hii kichwa bangepashwa kuanza na shoka."

Watu wakaanguka kwa kucheka, Mama Hortense mwenyewe zaidi ya wote. Mama yangu alicheka, mkono mdomoni. Hata mimi nilianza.

Halafu akamgeukia papa.

"Sasa, ukuta ya tata Constantin!" Akatandaza mikono, akayumba, akawa ukuta. "Bum." Akaruka upande wa pili, akawa yaya. "Na minye, paf. Ata 'aï' sikusema. Ata 'mama' sikusema. Nilikufa ndani ya bukari, muboka mumoja bado mu meno!"

Wakacheka. Uwongo wangu ulikuwa pale katikati ya ua, umevaa blouse ya kaka yangu, unapigiwa makofi. Nilisimama. Nikasema, "Si vile." Nilisema kweli, kwa mdomo, nilijisikia mwenyewe. Lakini matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga mabati, watu walikuwa wanavuta viti, na sauti yangu ni ndogo. Cathy peke yake aligeuka.

Papa alikuwa anacheka, kama desturi inavyomtaka. Huku akicheka alikuwa akitazama kucha zake.

Mvua ilipopungua nilimkuta jikoni, anafunga godoro kwa kamba. Kesho asubuhi Rémy atampitia. Nilisimama mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Chadrack iko na kipaji," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Lakini haikukuwa vile." Akavuta kamba. "Kule morgue, minye njo nilisafisha maiti yake. Nilikataa mwingine amuguse. Misumari ya bidole yake ilijaa udongo, Sephora. Yote. Muntu mwenye kufa paf, hachimbake udongo."

Nilishika mlango. Mlango. Mbao.

"Sikumwambia mama yako. Na weye usiniambie kitu. Ulimusikia, najua. Najua alisema nini. Aliniita, na nililala. Kisha akanilaani na ukuta yangu." Akafunga fundo la mwisho. "Iko na haki."

Nilitaka kusema hapana. Ilikuja *je couds*. Ilikuja hewa. Akanipita akatoka, na sikumshika.

Nimekaa chumbani tangu hapo. Kitanda. Kalamu. Dirisha. Na nimeona jambo ambalo sikuliona msimu mzima: papa na mimi tumeishi katika nyumba moja, kila mmoja akimficha mama kitu kilekile, kwa huruma ileile. Ahadi yangu ilikuwa juu ya mama. Juu ya papa yaya hakuniomba kitu. Alisema papa atampiga, akacheka. Alisema papa alijenga vizuri. Maneno hayo hayakuwa yangu kuyaweka. Yana mwenyewe.

Papa alisoma miaka michache tu, kwa Kiswahili. Anasoma polepole, kidole chini ya neno, lakini anasoma. Nitampa daftari hili; akikwama nitamsomea.

Mabuti yake yako kwenye ukumbi. Yamesimama karibu na chumba cha mama, sasa yanakuja. Mkono wangu umekwenda wenyewe kufunika ukurasa, kama siku zote. Nimeuondoa.

Anagonga. Nyumba aliyoijenga mwenyewe, na anagonga.

"Sefo, ulilala?"

"Hapana, papa. Ingia. Kuko kitu alisema juu yako."